Asubuhi ni ya Mlima: Kupanga Mzunguko wa Kisiwa cha Réunion

Ukiitazama Réunion kwenye ramani, utadhani ni kazi ya siku mbili. Kisiwa hiki cha Ufaransa, mashariki ya Madagaska, kina ukubwa wa kilomita za mraba 2,512, yaani kama Unguja moja na nusu. Barabara kuu inayokizunguka kando ya bahari ina kilomita zipatazo 200, nayo ni ya lami nzuri. Mtu mwenye haraka huzigawa kilomita hizo kwa mwendo wa gari, akapata jibu, akakata tiketi ya kurudi. Safari nyingi huharibikia hapo hapo, kabla hata sanduku halijafungwa, kwa kuwa ramani haisemi kwamba kisiwa hiki kimesimama wima. Kutoka ufukweni hadi Piton des Neiges, kilele chenye mita 3,070, ukipima kwa mstari ulionyooka ni kilomita ishirini na kidogo tu. Barabara ya kupanda kutoka Saint-Louis hadi mji wa Cilaos ina kilomita 37 na kona zaidi ya 400. Mgeni ajipe saa moja na nusu, na asikubali kuharakishwa na wenyeji wanaomfuata nyuma. Kuna vijiji ambavyo kwenye ramani unavifunika kwa kidole kimoja pamoja na Cilaos, lakini gari halijawahi kufika huko.

Kwa hiyo Réunion haipangwi kwa kilomita. Hupangwa kwa saa na kwa kimo: niwe mita ngapi juu ya bahari, na iwe saa ngapi.

Sababu yenyewe iko kwenye mawingu. Jua likishachomoza, miteremko hupata joto, na hewa iliyobeba unyevu wa bahari huanza kupanda. Ikifika juu hupoa, unyevu ukageuka wingu, na wingu likajaza mabonde. Kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi kazi hiyo mara nyingi imekwisha. Pale Maïdo, ukingo ulio mita 2,200 hivi juu ya bahari, aliyefika alfajiri hulitazama bonde zima la Mafate likiwa chini ya miguu yake, na vijiji vyake kama vipande vya mabati vinavyometa. Aliyefika saa 5 hutazama ukungu. Njia ni ile ile, gari ni lile lile, gharama ni ile ile. Wageni wengi hupanda wakiwa wameshakunywa chai kwa utulivu hotelini pwani, wakakutana njiani na wenzao wanaoshuka, ambao wameshaona kila kitu. Usiwe katika kundi la wanaopanda. Ondoka saa 10 usiku, chai uinywe huko huko juu. Bahari itakungoja; pwani ya magharibi, mawingu yakiwa yamekaa mlimani, huwa na jua mpaka jioni.

Asubuhi ni ya mlima, mchana ni wa bahari. Ukiufuata mpango huo kila siku, nusu ya matatizo ya safari hii yatakuwa yamekwisha.

Nusu ya pili ni majira. Upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima na kuupiga upande wa mashariki, ambako hewa hulazimika kuupanda mlima na kumwaga maji yake. Miteremko ya juu ya Sainte-Rose hupata mvua inayopita milimita 10,000 kwa mwaka, ilhali ufukwe wa Saint-Gilles, upande wa pili wa mlima, ni mkavu hata nyasi hunyauka. Mwezi Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita, mahali paitwapo Foc-Foc palinyesha milimita 1,825 ndani ya saa 24. Hiyo ni rekodi ya dunia, na ni zaidi ya mvua ambayo Dar es Salaam huipata mwaka mzima. Vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili, hasa Januari hadi Machi: Belal ilipiga Januari 2024, Garance mwishoni mwa Februari 2025. Kimbunga kikikaribia, mamlaka huweza kuamuru watu wote wabaki ndani, na amri hiyo humhusu mgeni kama inavyomhusu mwenyeji. Mimi ningechagua Mei au kati ya Septemba na Novemba mwanzoni. Juni hadi Agosti ni kipindi kikavu pia, ila kule juu baridi ni ya kweli. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, na usiku wa Julai maji huweza kuganda kwenye miinuko ya volkano. Beba sweta nzito na koti la mvua hata kama picha zote ulizoziona ni za minazi.

Makaratasi yana mtego mmoja ambao umewakwamisha wengi. Réunion ni mkoa wa Ufaransa, na sarafu yake ni euro, lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Schengen uliyopewa kwa ajili ya Paris haikutoshi peke yake kuingia Saint-Denis. Ombi lako litaje Réunion waziwazi. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, njia iliyozoeleka ni kupitia Mauritius, na kutoka pale ndege haichukui hata saa moja. Saa za Réunion zimetangulia za kwetu kwa saa moja. Magari huendeshwa kulia, na kwa dereva wa Kenya au Tanzania aliyezoea kushoto, nashauri siku ya kwanza asipande mlima kabisa. Aendeshe kidogo pwani, macho yazoee. Mabasi yapo, na ni ya bei nafuu, lakini hayakufikishi Maïdo alfajiri.

Sasa mpangilio wa malazi. Kosa lililo rahisi kulifanya ni kuchukua hoteli moja ufukweni na kurudi hapo kila usiku. Utapoteza asubuhi zote barabarani, tena katika msongamano, kwa sababu wakazi zaidi ya laki 8 na nusu wanabanana kwenye ukanda huo mwembamba wa pwani na nyumba nyingi zina gari. Gawa usiku zako: magharibi kwa ajili ya Maïdo na bahari, Cilaos kwa ajili ya mabonde ya ndani, Bourg-Murat kwa ajili ya volkano, na mmoja mashariki kabla ya kuondoka. Kwa utaratibu huo unaamka ukiwa tayari upo karibu na kile unachokifuata. Siku 10 zinatosha kwa mtu asiyetaka kukimbizana. Siku 7 zinawezekana ukikubali kuacha bonde moja.

Bourg-Murat ni kijiji cha uwanda wa juu, penye ng'ombe na ukungu, na hapo ndipo barabara ya volkano inapoanzia. Inapanda, inapita katikati ya mashamba, halafu ghafla inashuka kwenye Plaine des Sables, uwanda wa mchanga na changarawe za rangi ya kutu ambako karibu hakuna kinachoota. Inaishia Pas de Bellecombe, mita 2,311, kwenye ukingo wa genge kubwa. Chini yake kuna Enclos Fouqué, uwanja mpana wa lava iliyoganda, na katikati ya uwanja huo umesimama Piton de la Fournaise, mita 2,632, mojawapo ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Unashuka ngazi zaidi ya 500, unapita kando ya kilima kidogo chekundu kiitwacho Formica Leo, kisha unafuata alama za rangi nyeupe zilizopakwa juu ya miamba hadi ukingo wa kreta ya Dolomieu. Kwenda na kurudi ni kama saa 5. Zile alama nyeupe zichukulie kama kamba ya uhai: ukungu huingia kwa dakika chache, lava hufanana pande zote, na watu wamefia humo.

Moto unaoilisha volkano hii unatoka chini sana. Ndio ule ule ulioumba Mauritius kabla ya Réunion, na zamani zaidi, yapata miaka milioni 66 iliyopita, ulimwaga tabaka kubwa za miamba ya Deccan huko India. Bamba la ardhi limekuwa likisogea juu yake, na kila kisiwa kinachosogezwa mbali hupoa. Réunion ndicho kisiwa cha zamu hii. Kilichungulia juu ya maji miaka milioni 3 hivi iliyopita, na Piton des Neiges, mlima wake wa kwanza, umekwisha kulala kwa maelfu ya miaka. Mvua na maporomoko yakauchimba mabonde makuu matatu, yaani Cilaos, Salazie na Mafate. Fournaise, mdogo wake, bado anajenga.

Mwezi Aprili 2007 ilimwagika lava nyingi kiasi kwamba sakafu ya kreta ya Dolomieu iliporomoka zaidi ya mita 300, na mto wa moto ukaikata barabara ya pwani na kuingia baharini. Hata hivyo hakufa mtu, kwa sababu hapa lava kwa kawaida hutiririka badala ya kulipuka, na karibu kila mara hubaki ndani ya uwanja wake usio na watu. Msafiri anauliza swali moja: nitauona moto? Huenda. Kuna miaka volkano hulipuka mara tatu au nne, na kuna vipindi hukaa kimya kwa muda mrefu baada ya kulipuka, kama ilivyokuwa baada ya mlipuko wa Julai na Agosti 2023. Mlipuko ukianza, mamlaka huufunga Enclos mara moja, na watu huelekezwa mahali salama pa kutazamia. Usipange tarehe zako kwa kuufukuzia moto. Uwanja wenyewe, ukiwa kimya, unatosha kuijaza asubuhi nzima.

Nimewasikia wasafiri wakisema Mafate unatosha kuutazama kutoka juu. Sikubaliani nao, na hasa sikubaliani nao pale msafiri anapokuwa mtu wa pwani yetu.

Mafate hauna barabara. Watu mia kadhaa wanaishi humo, katika vijiji vya Marla, La Nouvelle, Roche Plate, Aurère na vinginevyo; watoto wana shule, mabati na mifuko ya saruji huletwa kwa helikopta, na watu wenyewe hutembea kwa miguu. Kutoka mapito ya Col des Bœufs hadi La Nouvelle ni mwendo wa saa mbili hivi. Kuna nyumba za wageni zenye vitanda vya safu na chakula cha jioni cha mezani pamoja, na ni lazima uweke nafasi mapema, miezi kadhaa kabla ikiwa ni msimu wa likizo. Beba fedha taslimu, na takataka zako ondoka nazo. Usiku mmoja tu ndani ya bonde hilo, ukizungukwa na magenge pande zote, utakuonyesha kwa nini watu walilikimbilia.

Walikuwa watoro. Kisiwa, kilichoitwa Bourbon wakati huo, kilikuwa cha mashamba, kwanza ya kahawa na baadaye ya miwa, na kazi ilifanywa na watumwa kutoka Madagaska, India na Afrika. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya Mauritius na Bourbon, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mtu. Watu wa bara la Kilwa, Wayao, Wamakua na wengine wengi, walishushwa kwenye fukwe hizi hizi ambazo sasa zina viti vya kuotea jua. Waliotoroka walipanda kule ambako farasi hakuweza kupanda, wakalima viazi na mahindi kwenye vipande vidogo vya ardhi tambarare vilivyoning'inia juu ya makorongo, mpaka wawindaji walipotumwa kuwasaka. Maarufu kati ya wawindaji hao ni François Mussard wa karne ya 18, na pango linaloitwa kwa jina lake lipo hadi leo kwenye miteremko ya Piton des Neiges. Anayejua habari za watoro wa Fuladoyo, bara ya Kilifi, ataielewa hesabu yao: mbali na bwana, karibu na maji, na njia moja tu ya kuingilia.

Uhuru ulitangazwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakaacha kuwa mali ya wengine siku hiyo. Tarehe hiyo ni sikukuu kisiwani. Ikiwa unaweza kuvumilia mvua ya mwanzo wa kiangazi chao, na kuikubali hatari ya vimbunga, panga uwepo, kwa sababu usiku huo maloya huchezwa mitaani hadi alfajiri. Ngoma hii ilizaliwa katika kambi za watumwa, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakubwa wa serikali waliitazama kwa jicho baya. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu. Mdundo wake huongozwa na kayamb, mabua yaliyofungwa bapa na kujazwa mbegu. Msomaji wa Kwale au Malindi hahitaji kuelezwa inavyoshikwa.

Ukiwa Cilaos, kama miguu yako inakubali, kuna Piton des Neiges. Watu hupanda mchana hadi kibanda cha Caverne Dufour, karibu mita 2,500, hulala, kisha huondoka saa 9 au saa 10 usiku na tochi kichwani ili wafike kileleni jua linapochomoza. Hapo huwa uko juu ya mawingu yenyewe. Mlima huu hauhitaji kamba wala vifaa, ila magoti mazima. Barabara ya Cilaos hufungwa mara kwa mara mawe yanapoporomoka baada ya mvua, kwa hiyo usipange kushuka kutoka huko siku ile ile ya ndege.

Kutoka volkano nenda kusini, kisha uzunguke mashariki kupitia Saint-Philippe. Kipande hiki cha barabara, hadi Sainte-Rose, ndicho kizuri kuliko vyote vya pwani, na hapa pekee ndipo ningekushauri upoteze muda makusudi. Barabara inakatiza Grand Brûlé, mteremko ambao lava huuchukua inaposhuka baharini, na vibao kando ya njia vinataja mwaka wa kila mtiririko. Ile ya miaka ya karibuni bado ni nyeusi tupu; ya zamani kidogo imevaa ukungu wa kijivu wa mimea midogo na majani ya kangaga; ya zamani zaidi ni msitu. Unaendesha dakika chache na unaiona ardhi ikikua.

Mbele kidogo ni Piton Sainte-Rose. Aprili 1977 lava ilitoka nje ya uwanja wake wa kawaida, ikashuka kijijini ambako watu walikuwa wameshahamishwa, ikachoma nyumba, ikaingia mlangoni mwa kanisa, ikalizunguka pande zote, ikasimama. Kanisa bado linatumika, na mwamba bado upo mlangoni. Mshtuko wa mwaka ule ndio ulioifanya serikali ijenge kituo cha kuichunguza volkano, na tangu hapo mitambo yake husikiliza kila mtikisiko mchana na usiku.

Upande huu wa mvua ndio upande wa vanila. Mmea huu ulitoka Mexico, na nje ya kwao ulichanua bila kuzaa, kwa kuwa hakukuwa na mdudu wa kuuchavusha. Mwaka 1841, katika shamba moja la Sainte-Suzanne, mtumwa mwenye umri wa miaka 12 aitwaye Edmond alionyesha jinsi ya kulifungua ua kwa kijiti na kulichavusha kwa kidole gumba. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na mchana likishanywea basi. Njia yake ndiyo inayotumiwa mpaka leo Madagaska, Komoro, na katika mashamba ya Uganda na Kagera. Alipopata uhuru alipewa jina la Albius. Utajiri wa vanila ulikwenda kwa wengine, naye alifariki maskini mwaka 1880. Tembelea shamba, nunua vanila kwa mkulima, na umtaje Edmond. Na ukikutana na mikarafuu huko mashariki usishangae: mbegu za mikarafuu ya kwanza ya Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, zilitoka katika visiwa hivi hivi vya Kifaransa.

Kuhusu bahari nitasema machache. Ogelea ndani ya wangwa wa matumbawe tu, L'Ermitage, La Saline au Saint-Leu. Baada ya watu kadhaa kuuawa na papa, serikali tangu 2013 imekataza kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi nje ya maji hayo na maeneo yenye ulinzi, na marufuku hiyo haina mzaha. Jipake pia dawa ya mbu. Chikungunya, homa iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde mwaka 1952, iliambukiza karibu theluthi moja ya wakazi wa kisiwa mwaka 2005 na 2006, na ikarudi kwa nguvu 2025.

Chakula hakitakusumbua. Sahani ya kila siku ni wali, maharage, mchuzi wa viungo uitwao cari, na rougail, kachumbari yenye pilipili. Asiyekula nguruwe aulize kabla, kwa kuwa soseji za huko ni za nguruwe mara nyingi. Nyama ya halali hupatikana bila shida mijini. Waislamu wenye asili ya Gujarati wana maduka kila mji, na msikiti wao wa Noor-e-Islam, Saint-Denis, uliofunguliwa 1905, ni miongoni mwa misikiti ya zamani ya Ufaransa.

Jambo la mwisho kwenye mpango ni siku ya akiba. Iweke mwishoni, isiwe na miadi yoyote, na ulale Saint-Denis au karibu yake. Mlima ukikufungia Maïdo kwa mawingu siku ya pili, utaurudia siku hiyo. Barabara ya Cilaos ikikwama, utakuwa na nafasi ya kungoja. Ikiwa kila kitu kimekwenda sawa na siku hiyo ni Ijumaa, nenda soko la Saint-Paul, kando ya bahari, ufike kabla ya saa 3: letchi zikiwa katika msimu wake wa Desemba, vikapu vya majani ya mkadi, dengu za Cilaos, vanila na sambusa. Kurudi Saint-Denis pita kwenye daraja jipya refu la baharini, kilomita 5.4, lililofunguliwa Agosti 2022 ili magari yaepuke genge linaloporomosha mawe, na uingie mjini kabla ya saa 10 alasiri, wakati ofisi hazijafungwa na foleni haijaanza.